Kibodi Iliyomkataa Nabintu

Jaribio la kwanza liliharibikia neno la tano, na Nabintu akaitukana kibodi tusi ambalo mama yake angelisikia angemfinya sikio, utu uzima wake wote ule na mvi zake mbili.

"Usiitukane, dada," akasema fundi Lwaboshi, aliyesimama nyuma ya kiti na mikono kifuani. Alikuwa mtu wa makamo mwenye upara na miwani iliyofungwa uzi sikioni, na mashine zote za hospitali ile ya Uvira zilikuwa chini yake. "Inapima hata hasira. Ukipiga kwa hasira, mwendo wa vidole vyako unazidi kuharibika."

"Na ipime! Hebu soma hapo nimeandika nini."

Lwaboshi akainama kwenye kioo cha laptopu. Kulikuwa kumeandikwa: Mimi ni Nabintu binti ,zqvitq.

"Mwavita," Nabintu akasema. "Niliandika Mwavita. Jina la mama yangu mzazi, kaka, siwezi kukosea jina la mama yangu mzazi!"

"Vidole vyako vilihamia Kiingereza, kibodi ikabaki kwenye Kifaransa."

"Nikafuta, nikarudi kwenye Kifaransa."

"Na yenyewe ikawa imekufuata kwenye Kiingereza. Ndiyo maana mara ya pili imetoka vilevile." Fundi akakuna upara wake. "Mnapishana, dada. Kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule."

Kibodi yenyewe ilikuwa ya lugha mbili, ile iliyosambazwa miji yote ya kando ya ziwa. Kila kitufe kilikuwa na herufi mbili, ya buluu kwa waliojifunza mpango wa Kifaransa, nyeupe kwa waliojifunza mpango wa Kiingereza, na taa ya chini yake ikawasha moja na kuzima nyingine. Hapakuwa na swichi. Waliobuni balaa lile walijisifu kwamba kibodi inavisikiliza vidole na kuamua yenyewe wewe ni mtu wa upande gani. Kwa mtu wa upande mmoja, raha mustarehe. Lakini hebu mpe mtu aliyezaliwa Uvira akazeekea Kigoma, uone. A ya huku ndiyo Q ya kule, Z na W zimebadilishana nyumba, M imehamishwa kabisa mtaa, na Kiswahili ni lugha ambayo haiwezi kupumua bila A wala kuita mtu bila M. Neno la kwanza la kila mtoto, mama, lilikuwa likimtokea Nabintu kama alama za mtu aliyelewa.

Kioo kikaandika kwa wekundu: MWENDO HAUTAMBULIKI. YAMEBAKI MAJARIBIO MAWILI.

Ilikuwa saa tano na robo asubuhi. Daktari alikuwa amesema mwisho ni saa saba.

* * *

Mwavita alianguka bafuni alfajiri. Majirani walimkuta amelala upande, jicho moja limevimba na maneno hayatoki, wakambeba mpaka hospitali, kisha wakampigia Nabintu ng'ambo. Alikuwa amevuka kwa boti ya kasi akiwa bado na sare ya kazi mwilini. Damu ilikuwa imeganda kichwani mwa mama yake na ilikuwa inazidi. Ingetolewa leo, na kesho wangerudi kufunga mshipa uliopasuka. Operesheni mbili, siku mbili, na mama angepona. Daktari Sangwa alisema hivyo bila kung'ata maneno: atapona, nimeona wenye hali mbaya kuliko huyu.

"Basi anza, daktari!" Nabintu alikuwa amemwambia.

"Si mimi ninayeanza, mwanangu. Chumba cha upasuaji ndicho kinachopasua chenyewe. Mimi nasimamia tu. Na chumba hakifungui mlango mpaka ndugu wa damu akubali kwa mwendo wake."

Na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Zamani watu walitambuana kwa sura na kwa sauti, lakini siku hizo zilishapita. Mashine zilijifunza kumwongelesha mtu aliyekufa, zikamfanya aahidi, aape na akane, mpaka ikafika mahali mtu anapigiwa simu na mkewe huku mkewe amekaa naye mezani. Sura zikakosa thamani. Sauti zikakosa thamani. Kilichobaki ni vidole. Unabonyeza kwa nguvu kiasi gani, unapumzika muda gani kati ya herufi na herufi, kidole gani kinaburuza mguu: hicho hakuna mashine iliyoweza kukiiga. Kila mtoto akitimiza miaka kumi aliandika kauli yake moja mbele ya karani wa Daftari la Mwendo, na kwa kauli hiyo akawa mtu. Kila mwaka alitakiwa kuirudia, kwa sababu vidole navyo huzeeka.

Nabintu aliandika yake Uvira, kwenye kibodi ya Kifaransa, mama yake amesimama pembeni. Mwavita alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya parokia, na alimfundisha bintiye kupiga akiwa amemfunika mikono kwa kitenge ili asichungulie vitufe. Kauli waliitunga pamoja: Mimi ni Nabintu binti Mwavita, mama yangu yuko hai na mimi ni wake.

Alipofika miaka ishirini akavuka kwenda Kigoma, akapata kazi ya kuingiza vipimo vya maji ya ziwa. Kutwa kucha vidole juu ya kibodi, na kibodi za kule zote za Kiingereza. Wakamfungulia kumbukumbu ya mgeni: haina mama, haina baba, haina kwao, ni mwendo wa kazi tu. Wavukaji wote walikuwa nayo. Na wavukaji wote walikuwa na ugonjwa uleule wa kuahirisha: nitarudi Pasaka nikaandike kauli yangu. Pasaka ikifika, boti zimejaa. Basi Krismasi. Nabintu aliahirisha hivyo miaka kumi na tisa. Alikuwa akija kumwona mama, ndiyo, siku mbili tatu, lakini ofisi ya Daftari ilikuwa na foleni na mama alikuwa amepika. Nani aache sombe la mamaye, kisamvu cha mawese, akapange foleni?

Sasa alikuwa amekaa mbele ya kioo kilichomtafuta msichana wa miaka ishirini, na msichana yule hakuwepo.

* * *

"Nimeifunga," akasema Lwaboshi. Alikuwa amechomeka waya ubavuni mwa laptopu, na sasa vitufe vyote viliwaka buluu bila kupepesa. "Haitahama tena. Si halali sana, lakini wacha. Andika polepole, tafuta kila herufi."

Nabintu akaandika. Kidole kimoja kimoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi. Akapumua. Ni. Nabintu. Kila alipofika kwenye A, kidole kidogo cha kushoto kilitaka kushuka kwenye mahali pake pa miaka kumi na tisa, na kila mara alikishika kwa nguvu akakipandisha juu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Binti. Mwavita. Hakukosea. Mama yangu yuko hai. Hakukosea. Na mimi ni wake. Akaweka nukta.

Herufi zote zilikuwa sawa. Alimgeukia fundi akitabasamu, na akaona fundi hatabasamu.

HERUFI SAHIHI, kioo kikaandika. MWANDISHI SIYE. LIMEBAKI JARIBIO MOJA.

"Siye?" Nabintu akasema. "Siye nani?"

"Umeandika kama mtu anayenakili," akasema Lwaboshi kwa sauti ya chini. "Hivi ndivyo wanavyoandika wezi, dada. Mwizi naye anaijua kauli. Anatafuta herufi moja moja, hakosei hata moja."

"Lakini ni mimi!"

"Najua."

"Unajua! Wewe unajua, daktari anajua, majirani wote wa mtaa wetu wa Kalundu wananijua, yule mama wa mkate pale getini kaniita kwa jina! Nina kovu hapa mguuni, mama ndiye aliyelishona. Nani mwingine hapa duniani ana kovu hili?" Akavua kiatu kabisa, akauweka mguu juu ya meza ya watu, akilia. "Iambie iangalie!"

Lwaboshi hakuutazama mguu. Alimsubiri autoe mwenyewe. Alikuwa ameona wavukaji wengi wakifika mahali hapo, na alikuwa ameacha kuwaambia maneno ya kufariji kwa sababu hayakuwasaidia.

Daktari Sangwa aliingia bila kubisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya mwalimu. Alitazama kioo, akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi.

"Mama Nabintu ameanza kupoteza mkono wa kulia," akasema. Mtaani kote hakuna aliyemwita Mwavita. Alikuwa Mama Nabintu tangu Nabintu azaliwe, na hata daktari alishika hivyohivyo. "Nina saa moja. Pengine sina hata hiyo."

"Nitajaribu tena," akasema Nabintu.

"Ukikosa la tatu?"

Nabintu akamtazama fundi. Fundi akavua miwani.

"Likikosekana la tatu, Daftari linahesabu kwamba kuna mtu anajifanya Nabintu. Ridhaa inafungwa siku saba kwa uchunguzi. Na wewe unachukuliwa."

"Siku saba," akasema daktari.

Kisha Lwaboshi akasema jambo ambalo ilionekana alikuwa amelishika kinywani muda mrefu.

"Kuna njia nyingine. Mgonjwa asiye na ndugu hata mmoja aliye hai, chumba kinajipa ridhaa chenyewe. Papo hapo. Sheria inasema mtu asiye na mtu ni wa wote."

"Mama ana mimi."

"Ndiyo," akasema fundi. "Hapo ndipo penyewe."

Nabintu hakuelewa kwa mara ya kwanza. Alipoelewa, alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Niseme nimekufa?"

"Si wewe utakayesema. Mgeni wa Kigoma, wewe yule wa kumbukumbu ya kazini, ndiye atakayesema. Yeye ana mwendo wake, safi, ameurudia kila mwaka. Ataapa kwamba alimfahamu Nabintu binti Mwavita na kwamba Nabintu amefariki. Ushahidi wa mtu mmoja unatosha kwa mtu ambaye hajaandika miaka kumi na tisa. Daftari lenyewe linamshuku kuwa marehemu siku nyingi."

"Halafu tukishamaliza nitasema niko hai."

"Ukisema uko hai, kiapo ni cha uongo na ridhaa inakufa nayo. Kesho kuna operesheni ya pili, usisahau. Mlango hautafunguka."

"Baada ya kesho, basi. Akishapona."

Lwaboshi akairudisha miwani usoni, akachukua muda mrefu kufunga ule uzi. "Sijawahi kuona aliyeandikwa marehemu akaandikwa tena hai, dada. Sikudanganyi. Hutakuwa mwanawe. Hutaruhusiwa kumwona wodini, wala kumtilia sahihi, wala kumzika."

* * *

Wakamwachia dakika tano. Daktari alisema tano, akatoka nje akasimama mlangoni.

Nabintu aliokota kiti, akakaa. Aliweka mikono juu ya meza, akaitazama. Mikono gani hii? Ilikuwa imesokota nywele za mama yake, imemwogesha mwaka ule alipovunjika nyonga. Leo ilikuwa imesimama mbele ya watu na kumkana.

Angeweza kujaribu la tatu. Angeweza kufumba macho, kujisahau, na pengine msichana yule angetoka alikojificha. Pengine. Moyo wake ulimvuta huko kwa nguvu zote, na aliona wazi kwa nini ulimvuta. Hakuwa anataka tu mama apone. Alitaka mama apone na yeye abaki mwanawe. Kujaribu tena ni kuiweka roho ya mama kwenye kamari ili yeye asipoteze kitu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Lakini ile njia nyingine nayo! Mwavita alikuwa amezika watoto watatu. Wawili kipindupindu, mmoja ziwani. Alipomzika wa tatu alimshika Nabintu mashavu kwa mikono miwili, mbele ya waombolezaji wote, akamwambia: wewe ukinitangulia, mimi siku hiyohiyo nakufuata, usije ukathubutu. Je, unamwokoa mtu kwa kumpa kitu ambacho hataki kuishi nacho? Nani amekupa ruhusa hiyo? Hakuwepo wa kumuuliza. Wa kumuuliza alikuwa amelala chumba cha pili, mkono wa kulia unakufa.

"Akiamka," alimuuliza Lwaboshi alipoingia, "ataambiwa?"

"Hospitali inalazimika kumwambia. Lakini taarifa inapitia Daftari kuu, huwa inachukua siku saba, nane. Kesho kutwa atakuwa ameshatoka chumba cha hatari. Mimi mwenyewe nitamtafuta mtu wa kumnong'oneza kabla haijafika. Nakuahidi."

Siku saba. Alizishika siku hizo saba kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Leta," akasema.

Fundi akachomoa ule waya. Nabintu akaweka vidole juu ya kibodi, na kibodi ikavisikiliza. Vitufe vikabadilika kutoka buluu kuwa vyeupe vyote kwa pamoja, na havikupepesa hata kimoja. Aliandika kwa kasi ya kazini, bila kutazama, kwa sababu kasi hiyo ndiyo ilikuwa mwendo wa mgeni: Mimi, mgeni wa Kigoma, naapa kwamba nilimfahamu Nabintu binti Mwavita. Amefariki. Hakuacha mtoto. Mama yake hana mtu mwingine.

Hakukosea herufi hata moja. Mwavita ilitoka Mwavita. Mama ilitoka mama. Kioo kikamshukuru kwa ushahidi wake na kumpa pole kwa kufiwa na rafiki.

Upande wa pili wa ukuta mlango mzito ukafunguka, na wakasikia magurudumu ya kitanda yakipita mbio.

* * *

Saa kumi jioni Nabintu alikuwa amesimama kwenye korido ya wageni, mbele ya kioo kipana cha chumba cha hatari. Kioo kile hakikupitisha sauti. Hapo aliruhusiwa mtu yeyote, hata mpita njia.

Damu ilikuwa imetolewa. Daktari Sangwa alipita akamwambia kwa haraka, bila kusimama, kwamba imekwenda vizuri kuliko alivyotarajia, kesho asubuhi wanamalizia. Mama alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa bandeji mpaka juu ya macho, na mkono wa kulia ulikuwa umerudi: Nabintu aliuona ukipapasa shuka, ukitafuta ukingo wake, kama alivyozoea. Kwenye ubao wa mlango palikuwa pameandikwa upya: MWAVITA. HANA NDUGU. Hakujali. Mkono ule ulikuwa unapapasa. Alicheka peke yake, kamasi na machozi vikichanganyika, akajifuta kwa mkono wa sare.

Muuguzi akaingia mle ndani na karatasi.

Alikuwa muuguzi wa zamu ya jioni, mgeni kabisa kwa Nabintu. Akavuta kiti mpaka karibu na kitanda. Akakaa. Nabintu aliwahi kuona watu wakikaa hivyo kando ya vitanda, nusu ya kiti, magoti pamoja, wakija kutangaza msiba.

"Hapana," akasema. "Bado. Ni siku saba. Bado!"

Lwaboshi alikuja akikimbia kutoka mwisho wa korido, akihema. "Dada, taarifa imefika. Sijui kwa nini, imefika leo. Kwa sababu mgonjwa ameandikwa hana ndugu, wameiharakisha, nadhani, sijui."

"Ingia umnong'oneze! Uliniahidi!"

"Kitanda kinarekodi kila neno. Nikimwambia uko hai, au akisema yeye mwenyewe kwamba mwanangu yuko hai, nimemwona, kesho mlango haufunguki. Mshipa umeachwa wazi, dada. Bila kesho hamalizi wiki." Alimshika mabega. "Hebu nisikilize. Kesho tu. Mpaka kesho."

Mle ndani muuguzi alikuwa anasoma. Midomo yake ilikwenda taratibu, kwa huruma, alikuwa muuguzi mzuri. Mkono wa mama ukaacha kupapasa. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu chochote, na Nabintu akaanza kuomba kwamba hajasikia, kwamba dawa ni kali, kwamba amesinzia.

Kisha Mwavita akafungua kinywa. Mikono yote miwili ikapanda kuelekea kichwani, kama mama yeyote wa kwao anavyoiweka msiba unapoingia, na muuguzi akaruka akaikamata isiguse bandeji. Wakawa wanashindana. Mama alikuwa na nguvu, Mungu wangu, mama alikuwa na nguvu. Kifua kilimpanda na kushuka, shingo imemkakamaa, kinywa wazi, na upande huu wa kioo hakukusikika kitu.

"Mama!" Nabintu akapiga kioo kwa viganja. "Mama, mimi hapa! Mama! Niko hapa!"

Akapiga tena, kwa ngumi. Watu wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakasimama. Askari wa wodi, mtu wa mwili mkubwa aliyeshika kitabu cha kuandikia majina, akaja kwa hatua ndefu, akamshika mkono kwa upole lakini kwa nguvu.

"Dada, dada, taratibu. Umesema nini? Wewe ni nani wa mgonjwa huyu?"

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya karatasi.

Nabintu akamtazama. Akamtazama Lwaboshi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya kioo muuguzi alikuwa amemlalia mama yake kifuani ili kumtuliza, na mikono ya mama ilikuwa bado inajitahidi kupanda.

"Si mtu wake," akasema. "Napita tu."

Askari akaiteremsha kalamu. Akamwachia mkono, akaitazama sare yake iliyochafuka na uso wake, na yeye mwenyewe akapunguza sauti.

"Basi tafadhali usipige kelele hapa, dada yangu," akasema. "Humu ndani kuna mtu amefiwa na mwanawe."

Nabintu akaitikia kwa kichwa. Akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye kioo, kisha nyingine, akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili.